Safari ya Kuwapiga Picha Ndege na Popo wa Pemba

Watu wengi wakisikia habari za safari ya kuwatazama wanyama, fikira zao hukimbilia mara moja nyika za bara: Serengeti penye nyumbu wasiohesabika, au Ngorongoro penye simba na faru. Mtu akisema kwamba amekwenda kuwapiga picha wanyama wa Pemba, wenzake humcheka na kumwuliza, "Pemba kuna mnyama gani? Au umepiga picha karafuu?" Nami nimeulizwa hivyo zaidi ya mara moja. Basi nataka kuwaeleza ninyi wanafunzi mambo niliyoyaona katika safari ya siku mbili kisiwani humo, ili mpate kujua kwamba kisiwa chetu kina viumbe ambao mtu hawezi kuwaona mahali pengine po pote duniani, hata akizunguka nchi zote.

Ni kweli kwamba Pemba haina simba, wala tembo, wala chui. Sababu yake ni bahari. Zamani sana dunia ilikuwa na baridi kali, na maji mengi yaliganda yakawa barafu huko kaskazini na kusini. Bahari ikapungua, na mahali penye kina kifupi pakawa nchi kavu. Wakati huo Unguja iliungana na bara, na wanyama wakavuka kwa miguu; ndiyo maana Unguja iliwahi kuwa na chui wake. Lakini mkono wa bahari ulio kati ya Pemba na bara una kina cha mamia ya mita, nao haukukauka. Kwa hiyo walioweza kufika Pemba ni wale waliojaliwa mabawa, na wengine wachache waliochukuliwa na magogo au na vyombo vya watu.

Hao waliofika wakakaa peke yao vizazi vingi mno, mbali na jamaa zao wa bara, hata wakabadilika kidogo kidogo kwa rangi, kwa sauti na kwa umbo. Leo wako ndege wa namna nne wasiopatikana ila Pemba: bundi mdogo, ninga, chozi, na ndege mwingine mdogo wa rangi ya manjano. Tena yuko popo mkubwa, naye ni wa Pemba tu. Twasoma katika kitabu cha Mwanzo kwamba Adamu aliwapa wanyama majina. Kazi hiyo haijaisha. Yule ndege wa manjano alipewa jina lake la kitaalamu mwaka 1924, kwa heshima ya Mwingereza mmoja aitwaye Vaughan, aliyewachunguza sana ndege wa visiwa hivi. Na popo alipewa jina mwaka 1909, kwa heshima ya Mjerumani Alfred Voeltzkow, aliyefika Pemba mwanzoni mwa karne ya 20. Wapemba waliwajua viumbe hao kabla ya wageni hao kuzaliwa, lakini wataalamu wa dunia walikuwa hawajawaandika katika vitabu vyao.

Sasa nitawaambia kisa kilichonitia hamu ya safari hii. Kama mjuavyo, watu wengi wa Pemba wana ndugu zao Omani. Mimi nina mtoto wa ami yangu anayekaa Maskati. Huyu hupenda kwenda jangwani na kamera, akalala mchangani siku mbili tatu, akingojea wanyama. Siku moja aliniletea picha ya choroa wa Arabuni. Ni mnyama mweupe, miguu yake ya rangi nyeusi nyeusi, na pembe zake mbili ndefu zimenyoka kama mikuki. Akitazamwa kwa ubavu, pembe moja huificha ya pili, hata mtu akadhani ana pembe moja tu. Alikuwa amesimama peke yake katika uwanda mkavu usio na mti hata mmoja, na kivuli chake kimelala mchangani.

Chini ya picha ndugu yangu ameandika habari za mnyama yule. Hapo kale choroa walienea Arabuni kote. Walipokuja watu wenye magari na bunduki za masafa, wakawafukuza na kuwaua, hata mwaka 1972 asisalie hata mmoja katika pori la dunia nzima. Bahati njema, walikuwako wachache waliofugwa katika bustani za wanyama. Wakazalishwa huko, na mwaka 1982 wengine wakarudishwa katika jangwa la Omani, mahali paitwapo Jiddat al-Harasis. Wakaongezeka vizuri, na mwaka 1994 mahali pale pakaandikwa katika orodha ya urithi wa dunia. Lakini majangili wakarudi, wakawakamata choroa kwa mamia ili kuwauza, na serikali ikapunguza sana eneo lao kwa ajili ya kutafuta mafuta ya ardhini. Mwaka 2007 hifadhi ile ilifutwa katika orodha, ikawa ya kwanza duniani kufutwa. Choroa aliyepigwa picha na ndugu yangu alikuwa ndani ya uzio.

Mwisho aliandika hivi: "Ndugu yangu, huyu ndiye niliyempata huku ugenini. Na wewe uniletee mnyama wa kwetu, kwa maana mimi nimeondoka Pemba ningali mdogo, sikuwatia maanani."

Nikaona neno hili ni la haki. Mtu wa mbali ananiuliza habari za nyumbani kwangu, nami sina la kumjibu! Basi nikaitengeneza kamera yangu, nikafunga safari.

Kabla ya kueleza safari yenyewe, yafaa niwaambie kidogo habari za kazi hii ya kuwapiga picha wanyama, kwa maana si kazi ya jana. Huko Uingereza walikuwako ndugu wawili, Richard na Cherry Kearton, wana wa wakulima. Mwaka 1892 walipiga picha ya kiota cha ndege chenye mayai, na tangu hapo wakaendelea na kazi hiyo. Taabu yao ilikuwa kwamba ndege humwogopa mtu, na kamera za siku zile hazikuweza kuona mbali. Wakafanya hila: walichukua ngozi nzima ya ng'ombe, wakaitandaza juu ya umbo la mbao lenye uwazi ndani, kisha mmoja wao akaingia tumboni mwa ng'ombe yule pamoja na kamera yake. Ndege wa kondeni wamezoea kuwaona ng'ombe, basi wakamkaribia bila hofu, naye akawapiga picha kwa tundu iliyotobolewa katika ngozi. Hila ile haikumdhuru ndege hata mmoja.

Katika nchi yetu wenyewe, Tanganyika ya zamani, alikuja Mjerumani aitwaye Carl Georg Schillings. Yeye alitaka kuwapiga picha simba na fisi usiku, jambo ambalo watu waliliona haliwezekani. Alitumia unga wa madini uwakao ghafula kwa mwanga mkali kama umeme wa radi. Mwaka 1905 alitoa kitabu chenye picha hizo, na watu wa Ulaya wakastaajabu sana. Lakini ili simba waje mbele ya kamera, alimfunga ng'ombe au punda hai penye giza, awe chambo. Picha zile ni za ajabu, wala siukatai ustadi wake. Lakini kila nizitazamapo humwona yule ng'ombe aliyefungwa kamba, asiyeweza kukimbia.

Basi nikaondoka nyumbani na swali moja moyoni: picha ninayoitaka, gharama yake atailipa nani? Mimi, au mnyama?

Nalitoka Chake Chake asubuhi kwa gari la abiria, nikapita Konde, nikafika msitu wa Ngezi, ulio upande wa kaskazini magharibi ya kisiwa, katika njia iendayo Rasi Kigomasha. Zamani misitu ilikienea kisiwa kwa sehemu kubwa. Ikakatwa ili watu wapate mahali pa kupanda mikarafuu. Mnakumbuka katika masomo yenu ya historia kwamba mwaka 1872 tufani kuu iliangusha mikarafuu ya Unguja, na Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa. Tangu hapo Pemba ikawa ndiyo yenye kutoa karafuu nyingi zaidi. Mali hiyo imetulisha na kutusomesha, lakini bei yake ilikuwa misitu. Ngezi ndio msitu mkubwa uliosalia.

Nalipoingia ndani, joto la barabarani lilikatika mara moja kama mtu aingiaye nyumba ya mawe. Mivule na mijoho imesimama mirefu, vichwa vyao vimekutana juu, na chini yake imeota mipapindi, miti ya jamii ya minazi inayomea Pemba tu. Tumbili wakapita matawini wakinitukana kwa lugha yao. Wako pia kima punju wachache, lakini asili ya hao ni Unguja. Waliletwa hapa kutoka msitu wa Jozani mwaka 1974.

Mlinzi wa msitu, kijana mpole mwenye macho makali, alikubali kunipeleka usiku kumtafuta bundi. Saa mbili ya usiku tukaingia, kila mmoja ameshika tochi yake, wala hatukusema neno. Tulipokwisha kwenda kitambo, akanishika mkono, tukasimama. Kwanza nalisikia wadudu tu. Kisha ikatoka sauti moja fupi: "Hu." Kimya. Halafu tena, "Hu," na kwa mbali mwenzake akamjibu.

Ninyi mnajua jinsi watu wetu wengi wanavyomchukia bundi. Akilia karibu na nyumba husema kwamba analeta msiba, na wengine humfukuza kwa mawe. Nikamwuliza yule kijana kama yeye haogopi. Akacheka polepole, akasema, "Mimi namsikia karibu kila usiku, na watoto wangu wote wazima. Huyu kazi yake ni kula panzi na wadudu. Wanaoleta msiba hapa ni wenye mashoka."

Nikainua kamera, nikataka kuiwasha ile taa yake iwakayo ghafula. Kijana akaniwekea mkono mbele, akasema, "Samahani, mwalimu. Hiyo hatuitumii kwa bundi." Akanieleza sababu. Jicho la bundi ni pana sana, limeumbwa lipate kukusanya hata mwanga mdogo wa nyota. Ukilipiga kwa mwanga mkali ghafula, huweza kupumbaa kwa muda, na ndege aliyepumbaa usiku hujigonga tawini au hukosa chakula chake. Nikaizima taa. Tukasimama tukimsikiliza bundi kadiri ya nusu saa, kisha tukarudi. Sikupata picha yake. Lakini sauti yake ninaijua sasa, na nikiisikia katika mashamba ya mikarafuu, ambako naye hukaa, sitadhani tena kwamba ni mzuka.

Asubuhi yake nalikaa pembeni mwa msitu, penye miti ya maua, tangu kupambazuka. Hapo nikajifunza kanuni za kazi hii, nami nawapa ninyi kwa ufupi. Ya kwanza, nguo yako isiwe nyeupe wala nyekundu, iwe ya rangi ya majani makavu au ya udongo. Ya pili, jua liwe nyuma yako, ndipo nuru imwangukie ndege. Ya tatu, usimfuate ndege; tafuta mti anaoupenda, ukae kimya, naye atakuja mwenyewe. Ya nne, usikaribie kiota kamwe, kwa maana mama akiogopa huweza kuyaacha mayai yake, au kunguru akakuona wewe akajua pa kwenda kuiba.

Nikakaa hivyo saa nzima, mbu wakinila, nisipate kitu. Kisha akaja chozi wa kiume, kidogo kuliko kidole gumba na kidole cha pili kwa pamoja. Kivulini alionekana mweusi kama mkaa. Lakini alipogeuka juani, manyoya yake yakawaka kijani na zambarau kama kito. Alitia mdomo wake mwembamba uliopinda ndani ya ua, akanywa, akahamia jingine. Nikampiga picha kumi na mbili, na moja tu ikawa njema. Baadaye wakaja wale wadogo wa manjano, wengi pamoja, wakipekua majani kutafuta wadudu. Na juu ya mtini, katikati ya majani, nikaona kitu kikitikisika bila upepo: ninga wawili, rangi zao za kijani na kijivu zimefanana na majani na kivuli, hata nisingaliwatambua kama matunda yasingalianguka chini. Nikawapata nao.

Mchana nikaondoka Ngezi, nikaenda Kidike, kijiji kilicho kati ya Chake Chake na Wete, mahali wanapolala popo. Hapo ndipo palipokuwa shabaha yangu.

Msimfikiri popo huyu kuwa kama wale wadogo wanaoruka darini. Akitandaza mabawa yake, toka ncha hata ncha hupata kadiri ya mita moja na nusu, yaani zaidi ya kimo cha wengi wenu. Kichwa chake ni kama cha mbweha mdogo, manyoya yake ni mekundu ya hudhurungi, na macho yake ni makubwa. Hali wadudu wala hanyonyi damu. Chakula chake ni matunda na maua: maembe, mashelisheli, tini za mwitu na mengineyo. Akila tunda hapa, hutupa kokwa kule, na mbegu zikaota mahali ambapo mtu hakupanda. Akinywa asali ya ua, chavua humshika usoni, akaipeleka katika ua la mti mwingine, na mti ukazaa. Kwa hiyo popo ni mkulima wa msitu, asiyelipwa ujira.

Mkulima huyu nusura atoweke. Watu walimwinda kwa ajili ya nyama, kwa mitego na kwa bunduki, huku miti mikubwa anayoilalia ikizidi kukatwa. Jike huzaa mtoto mmoja tu kwa mwaka, kwa hiyo waliouawa hawakuweza kufidiwa upesi. Mwaka 1989 wachunguzi walizunguka kisiwa wakaona popo wachache mno, wakaogopa kwamba ndio mwisho wake. Mwaka 1996 aliandikwa katika daraja ya wanyama walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka duniani. Lakini katika miaka ile ile watu wa vijiji vya Pemba walianza kuunda vikundi vya kuwalinda, na watoto wakafundishwa shuleni. Mahali pengine popo walikuwa wamekimbilia miti ya makaburini, ambayo watu waliiheshimu hawakuikata, na miti ile ikawa ngome yao. Hata ilipofika mwaka 2008, wachunguzi walikadiria kwamba popo wamezidi 20,000. Daraja yake ya hatari ikashushwa, ingawa hatari yenyewe haijaisha.

Nalifika Kidike yapata saa tisa ya alasiri. Nikamkuta mzee mmoja amekaa chini ya mti pamoja na mjukuu wake, mtoto wa darasa la sita, kama wengine wenu. Nikamwamkia, "Shikamoo, babu." Akaitika, "Marahaba, mwanangu, karibu." Akanipeleka hata mahali pa kutazamia. Miti ya ng'ambo ilikuwa imejaa popo, wananing'inia vichwa chini kama matunda makubwa meusi. Wengine walijipepea kwa bawa moja kwa sababu ya joto. Nalipotazama kwa kioo cha kamera kinachovuta mambo ya mbali, nikaona jike mmoja amekunja mabawa yake, na katikati ya kunjo umetokeza uso mdogo: mtoto wake, ameng'ang'ania kifuani.

Palikuwa pale mgeni mwingine, mtu wa mbali, ana kamera nzuri kuliko yangu mara nyingi. Hakufurahi. Alisema kwamba popo waliolala hawana maana katika picha. Yeye anataka waruke wote pamoja, mabawa yao yajae mbingu, na jua lingali na nguvu. Tena hawezi kungoja, kwa sababu gari lake litaondoka saa kumi. Akatoa noti ya shilingi elfu kumi, akamwonyesha yule mtoto, akamwambia apige makofi kwa nguvu, au atupe jiwe moja tu mtini.

Mtoto akaitazama noti, kisha akamtazama babu yake. Nami nikamtazama mtoto. Viatu vyake vilikuwa vimepasuka mbele, na mfuko wake wa vitabu umefungwa kwa kamba. Shilingi elfu kumi si neno dogo kwake. Naye mzee alikaa kimya kitambo, nikaona ya kuwa kwake pia si neno dogo. Kisha akasema, "Bwana mkubwa, huo ndio usingizi wao. Wamekesha usiku kucha, na jua hili ni kali. Tena sasa wana watoto. Mama akishtuka akaruka, mtoto asiyeshika vema huanguka, na akianguka hapo chini hawezi kupanda tena."

Mgeni akasema, "Ni mara moja tu."

Mzee akajibu, "Kila mgeni husema ni mara moja. Kwa popo ni kila siku."

Mgeni akairudisha noti mfukoni, akaondoka kwa ghadhabu, na hata ile ada ya kutazama hakuiongeza kitu. Alipokwisha kwenda zake, mtoto akauliza kwa sauti ndogo, "Babu, kama asirudi tena?"

Mzee akamwambia, "Asiporudi yeye, popo watarudi alfajiri. Wasiporudi popo, ndipo hatarudi mtu." Kisha akanigeukia, akasema pasipo kuficha kwamba katika ujana wake yeye mwenyewe alikuwa akiwinda popo kwa bunduki ya kuazima. Aliacha siku alipotoka jioni pamoja na wenzake, wakakaa hata usiku, wasione hata popo mmoja katika njia ambayo zamani walipita kama wingu. "Nikaogopa," akasema. "Si kwa sababu ya nyama. Nalisikia kama mtu amerudi nyumbani, asimkute mtu."

Tukangoja. Jua likashuka, kivuli cha mikarafuu kikarefuka, na adhana ikasikika kutoka kijijini. Mzee na mjukuu wake wakaenda kusali, wakarudi. Mbingu ya magharibi ikawa rangi ya chungwa. Hapo mtini pakaanza kelele, popo wakigombana na kujinyosha. Mmoja akaachia tawi, akaanguka kidogo, akafungua mabawa. Akafuata wa pili, kisha kumi, kisha mamia. Walipita juu ya vichwa vyetu, wala hawakuruka mbiombio kama popo wadogo, bali taratibu, kama kunguru waendao mahali pao pa kulala, hata nikasikia mvumo wa ngozi za mabawa yao.

Kupiga picha wakati huo si rahisi. Kamera huona kwa kufungua kijilango chake kidogo, ikaingiza nuru, ikafunga. Ukikifungua muda mrefu, nuru hutosha, lakini popo amekwisha kusogea, na picha huwa ukungu. Ukikifungua muda mfupi mno, popo hatulii tu, bali picha nzima huwa giza. Basi nikaielekeza kamera upande wa machweo, penye nuru iliyosalia, nikafungua kwa sehemu moja ya mia tano ya sekunde. Nikapata popo mmoja, mweusi juu ya mbingu ya chungwa, mabawa yake wazi kabisa, na ngozi ya bawa imepenywa na nuru hata mifupa ya vidole vyake inaonekana. Kifuani mwake pana uvimbe mdogo. Ni mtoto wake, anamchukua kwenda naye malishoni.

Nikamwonyesha yule mtoto picha katika kioo cha nyuma ya kamera. Akaitazama sana. Alizaliwa Kidike, amewaona popo siku zote za maisha yake, lakini wa karibu hivyo alikuwa hajamwona. Akahesabu vidole vya bawa kwa kidole chake, kimoja, viwili, vitatu, vinne, na kile kidogo cha juu chenye kucha. Akasema, "Kumbe ni mkono!" Naam, ni mkono; bawa la popo ni mkono uliorefushwa vidole na kutandazwa ngozi. Mtoto yule aligundua peke yake jambo ambalo wengine hulisoma katika vitabu vya wakubwa.

Wanafunzi wangu, najua kwamba wengi wenu hamna kamera. Msihuzunike. Kamera hukamata nukta moja ya wakati, lakini macho na daftari hukamata mengi zaidi. Chagueni mti mmoja karibu na nyumba zenu au shule yenu. Kaeni chini yake nusu saa kila juma, bila kelele, mkaandike ndege gani amekuja, saa ngapi, amekula nini, ameliaje. Mkifanya hivyo mwaka mzima, mtajua habari za mti ule kuliko mtu ye yote duniani, na pengine mtaandika jambo ambalo mtaalamu hajaliandika. Wahenga walisema, mvumilivu hula mbivu.

Na mtu akiwaonyesha noti ili mwamshe kiumbe aliyelala, kumbukeni hesabu ya yule mzee: noti ni ya siku moja, na popo ni wa kila siku. Pale Kidike, usiku ule, miti ilibaki mitupu na kimya. Lakini kabla ya jua kuchomoza walirudi wote, wakajitundika kila mmoja mahali pake, nao wangali wakifanya hivyo.